Siku nzima Dunga: kulisoma bwawa linaloinywesha Kisumu

Watu wengi wa Kisumu huenda Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwa saa mbili tu. Mbuta wa kukaanga, ugali, picha tatu jua likizama, kisha tuktuk ya kurudi mjini. Mimi nimefanya kazi ya kupima maji kwa miaka kumi na tisa, na kila anayeniuliza aende ziwani saa ngapi jibu langu ni moja: fika jua linapochomoza, ondoka likizama. Ziwa la asubuhi na ziwa la jioni si ziwa moja, na mfereji wa nyumbani kwako unanywa kutoka kwa yote mawili.

Naliita bwawa kwa makusudi. Zamani mwamba wa Ripon Falls, pale Jinja, Uganda, ndio uliokuwa ukiamua maji kiasi gani yatoke ziwani kuingia Nile. Mwaka 1954 likakamilika bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, na tangu siku hiyo uamuzi uko kwenye milango inayofunguliwa na kufungwa na binadamu. Nam Lolwe, jina la Kijaluo la Ziwa Victoria, ina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Ukilihesabu ziwa hilo kama bwawa, hakuna bwawa duniani linalolishinda kwa upana. Kenya ina asilimia 6 tu ya eneo hilo, nayo Kisumu imekaa kwenye pembe ya ndani kabisa ya Ghuba ya Winam, ambako maji ni ya kina kifupi na hayana haraka ya kwenda popote. Mtambo wa kusafisha maji ya mji uko hapo hapo Dunga. Mwingine uko Kajulu, unaochota mto Kibos. Kwa hiyo anayekula samaki wake ufukweni ameketi kwenye mdomo wa tangi lake mwenyewe.

Jumamosi moja nilikwenda na binti ya dada yangu, aliye Gredi ya Nane. Tulifika kukiwa kumepambazuka vizuri, si kabla, kwa sababu viboko hutoka majini usiku kulisha nyasini na hurudi alfajiri. Usikubali kusimama kati ya kiboko na maji yake. Wavuvi wa omena walikuwa wanarudi na taa zao, na akina mama wameshatandika nyavu chini tayari kuanika.

Maji yalikuwa yametulia kama mafuta kwenye sahani. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, na hewa baridi huteremka kutoka upande wa milima ya Nandi kuelekea majini, taratibu, bila kuinua wimbi. Huo ndio wakati wa kupima jinsi maji yalivyo maangavu. Kifaa changu ni sahani ya bati yenye upana wa sentimita 20, imepakwa robo nyeusi na robo nyeupe kwa kupokezana, imefungiwa kamba yenye alama. Inaitwa sahani ya Secchi, kwa jina la padri Mwitaliano aliyeitumia baharini mwaka 1865. Unaishusha taratibu upande wa kivuli wa mashua mpaka isionekane, unaipandisha mpaka ionekane tena, unasoma kamba. Mtu yeyote anaweza kuitengeneza kwa kifuniko cha ndoo ya rangi na uzito wa kuizamisha, na ningependa kila shule ya ufuoni iwe nayo moja. Asubuhi ile tulipata sentimita 62. Binti akaandika kwenye daftari lake, akauliza, "Mjomba, hiyo ni nzuri?" Nikamwambia asubiri jioni.

Kuanzia saa moja mpaka saa tatu ni wakati wa mafunjo, yale ambayo Wajaluo huyaita togo. Mwambie mwenye mashua azime injini, mkae kimya kando ya ukuta ule wa kijani. Kuna ndege hapo ambaye maisha yake yote yamo ndani ya mafunjo: mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano, mstari mweupe kwenye bawa. Utamsikia mara nyingi kabla ya kumwona, maana dume na jike huitikiana, mmoja akianza mwenzake anadakia. Mafunjo yakiisha, naye amekwisha.

Nayapenda mafunjo kwa sababu nyingine pia. Mto Nyando hubeba udongo wa tambarare za Kano, mito midogo ya mjini hubeba uchafu wetu sisi wenyewe. Maji yakipita katikati ya mashina hupunguza mwendo, tope hutua, na mizizi hufyonza sehemu kubwa ya mbolea iliyomo. Ni chujio ambalo hakuna aliyelipia. Anayekata togo kwa ajili ya mikeka na viti haliui, kwa kuwa shina la chini huchipua tena akiliacha lipumzike. Linalouma ni moto, na jembe linalong'oa mpaka mzizi ili ipandwe mboga kiangazi. Nimeona vipande vikubwa vikiondoka namna hiyo, na maji ya mbele yake yakageuka rangi msimu uliofuata.

Saa sita jua likiwa utosini, rudini nchi kavu mle. Watoto wataomba kuingia majini. Jibu ni hapana, na waelezwe kwa nini. Konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya ukingoni huachia vijidudu vya kichocho kunapokuwa na mwanga, na wingi wake hupanda mchana huo huo ambao maji yanavutia zaidi. Vijidudu hupenya ngozi nzima, havihitaji kidonda. Kuosha miguu ukingoni kunatosha kukuambukiza. Kwa hiyo nabeba galoni ya maji ya kunawa kutoka nyumbani.

Kati ya saa saba na saa nane upepo hugeuka. Nchi kavu imeshapata moto, hewa yake inapanda, na ziwa linaanza kupuliza kuelekea mjini. Hapo ndipo gugu maji linapoanza safari. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulifika upande wetu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufikia mwisho wa miaka hiyo ulikuwa umeziba ghuba. Mwaka 1997 waliachiliwa fukusi wanaokula majani yake, wakasaidia, lakini gugu hurudi kila linapopata mbolea ya kutosha. Miaka kadhaa iliyopita nilichelewa kutoka majini, na zulia lile likaifunga mashua yetu kwa saa tatu, kasia haliingii, injini imekabwa. Tuliokolewa na upepo wenyewe ulipolegea. Tangu siku hiyo, nahodha akiniambia, "Jaduong', tugeuze," yaani "Mzee, tugeuze," sibishani. Wingu likisimama juu ya Nandi alasiri, radi iko njiani. Na mtu asipande chombo bila jaketi la kuokolea, hata akisema anajua kuogelea.

Tulipokuwa tunangoja upepo utulie nilimwonyesha binti mti uliokauka ukiwa umesimama majini. Mei 2020 ziwa lilipanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, sentimita moja juu ya rekodi ya mwaka 1964. Watu waliamini Jinja wamefunga milango. Milango ina sehemu yake, lakini sehemu kubwa ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa inayotoka huondoka kama mvuke. Mvua ya mwisho wa 2019 ilipitiliza, ikafuatwa na masika mazito. Ziwa lilirudi mahali ambapo wazee walikuwa wameshaliona, likakuta tumejenga.

Saa kumi na moja jioni tulishusha sahani tena, mahali pale pale. Rangi ilikuwa imebadilika, kahawia yenye ukijani, na mawimbi mafupi ya mchana kutwa yalikuwa yamekoroga tope la chini. Hivi ndivyo maji yanavyofika mtamboni. Pale huongezwa shabu ili chembe za udongo zishikane na kuzama, kisha maji hupita kwenye mchanga, kisha klorini. Yakija machafu zaidi, shabu huongezwa, mchanga huziba upesi na inabidi uoshwe kwa maji yale yale yaliyokwisha safishwa. Mwani ukiwa mwingi, kazi huwa ngumu maradufu. Unapoona presha ya mfereji imeshuka mitaani Manyatta au Nyalenda, wakati mwingine sababu ilianzia kwenye upepo wa jana alasiri.

Binti alishika kamba mwenyewe, akainama mpaka nikamshika jaketi. Sahani ilipotea mapema sana. Akaipandisha, akaishusha tena kwa sababu hakuamini, akasoma mara ya pili.

Kwenye daftari, chini ya 62, akaandika 35.