Saa ya Mzee Kwenye Fomu Na. V: Andika Unachokiona

Malalamiko kuhusu saa za mkono yanayofika mezani kwetu siku hizi yana sura mbili tu. Ya kwanza: msimamizi wa mirathi ameandika kwenye Fomu Na. V, ile ya mali na madeni ya marehemu, "saa moja ya dhahabu", warithi wameshagawana hesabu vichwani, kisha sonara anaikwangua na kusema ni bati lililopakwa. Ya pili ni kinyume chake: imeandikwa "saa kuukuu, Sh 5,000", mjomba kaichukua kwa bei hiyo, na baada ya muda inasikika imeuzwa kwa bei ya pikipiki. Mara nyingi hakuna mwizi hapo. Kuna mtu aliyeandika alichosimuliwa.

Nianze na kosa linalonichosha. Si kila neno lililo usoni mwa saa ni jina la saa. Nimeletewa fomu zenye "saa aina ya Incabloc", "saa aina ya Antimagnetic", na moja, Mungu anisamehe kwa kucheka, "saa aina ya Swiss Made". Incabloc ni kikinga mtikisiko ndani ya mashine, na viwanda vingi vya Uswisi vilikitumia. "17 Jewels" nayo si hazina. Ni vijiwe vya rubi vya kutengenezwa kiwandani, vidogo kama punje ya ulezi, vinavyoshika ncha za magurudumu zisisagike. Anayevitoa akaviuze ameua saa na hatapata hata nauli ya kurudia nyumbani. Tafadhali, msituletee tena hesabu ya almasi kumi na saba.

Kuhusu dhahabu, geuza saa usome nyuma. Pakiwa na "Stainless Steel Back" au "Fond acier inoxydable", kifuniko ndicho chuma kisichoshika kutu. Ubavu unaong'aa njano ni metali nyingine iliyopakwa. "20 Microns" ni unene wa mpako huo: ishirini katika elfu ya milimita moja. Dhahabu yenyewe ya Uswisi hujitambulisha, mara nyingi ndani ya kifuniko: 0,750 au 18K pamoja na kichwa kidogo cha mwanamke, 0,585 au 14K pamoja na kindi. Tangu 1995 alama hizo zimepokewa na kichwa cha mbwa. Sonara hana sababu ya kukwangua kitu, lenzi inatosha.

Kifuniko kifunguliwe na fundi saa, si kwa kisu cha jikoni. Nasisitiza hili kwa sababu saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960, zile zilizokuwa ziking'aa gizani, namba na akrabu zake zilipakwa rangi yenye radiamu, metali inayotoa mionzi. Watu husema "haing'ai tena, imekwisha". Haijaisha. Kilichochoka ni rangi. Radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu, na unga wake usivutwe puani wala usikwanguliwe mezani mnapolia chakula. Ukiona T SWISS T chini kabisa ya uso, hiyo ni rangi yenye tritiamu, nayo ya mionzi, iliyokuja baadaye na inayopungua nusu kila miaka 12 hivi.

Namba ndefu si mwaka. Kwenye Omega za zamani namba ya saa yenyewe huwa juu ya mashine, na namba ya modeli ndani ya kifuniko, kwa hiyo ziandikwe zote mbili. Seiko ni rahisi zaidi. Tarakimu ya kwanza ya namba ya serial ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba, Novemba na Desemba hupewa O, N na D. Inayoanza na 0D ni ya Desemba ya mwaka unaoishia na sifuri. Mwaka upi? Hapo tazama namba ya mashine iliyo hapohapo nyuma. Ikiwa 6119, ni 1970. Ikiwa 7009, mashine iliyoanza nusu ya pili ya miaka ya 1970, basi 1970 haiwezekani hata mzee awe aliapa.

Maandishi ya kuchongwa yasisuguliwe. Saa ya kustaafu yenye E.A.R.&H. (East African Railways and Harbours) nyuma imejitaja umri: shirika hilo la reli na bandari lilikuwapo kati ya 1948 na 1969. Kuna familia ilikuja ikibishana kama saa ni ya marehemu au aliiazima kwa kaka yake miaka ya 80. Fundi aliifungua mbele yetu. Ndani, kwa mikwaruzo myembamba ya sindano, alama ambayo mafundi wa zamani waliacha kila walipoisafisha saa, palikuwa na jina la marehemu na 6/68. Mjane aliisogeza dirishani akasoma mwenyewe. Kilichobaki kubishaniwa ni bei.

Sasa utaratibu. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne tangu kuteuliwa kuwasilisha Fomu Na. V yenye mali na madeni yote, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Hesabu za mgawo hufuata kwa Fomu Na. VI. Wanaosimamia chini ya Sura 352, sheria ya usimamizi wa mirathi, wana miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Kutowasilisha kwa makusudi bila sababu ya msingi, au kuwasilisha orodha ya uongo katika jambo la msingi, ni sababu ya kufutiwa usimamizi. Na aliyeuza saa kabla ya msimamizi kuteuliwa, hata kama "ilikuwa ya kulipia jeneza", ameingilia mirathi na ataijibu. Haya ni maelezo ya jumla. Shauri lako lina mambo yake.

Thamani iandikwe baada ya fundi kuiona, na saa isipelekwe kung'arishwa wala kupakwa uso mpya kwanza. Mfano wa maelezo yanayokubalika: "Saa ya mkono ya kiume, Seiko, otomatiki, mashine 6119, serial inaanza 0D, chuma kisichoshika kutu, kioo kina ufa karibu na namba 4, inatembea, mkanda si wa asili. Picha nne zimeambatanishwa: uso, nyuma, ubavu, ndani ya kifuniko."