Je, rubarbu ya Himalaya inaweza kuota Rwenzori?

Katika miteremko ya Himalaya, kati ya mita 4,000 na 4,800 juu ya usawa wa bahari, mimea mingi haizidi urefu wa kiganja kwa sababu ya baridi na upepo. Katikati yake husimama mmea mmoja mrefu kuliko mtoto wa shule, mweupe wa kumanjano. Ni rubarbu ya mwituni, kwa jina la kisayansi Rheum nobile. Joseph Hooker, mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza, aliikuta Sikkim, ambayo leo ni jimbo la India, katikati ya karne ya 19 na kueleza kwamba huonekana hata ukiwa umbali wa maili moja.

Kinachoonekana kwa mbali si ua. Ni majani maalumu, mapana na mepesi sana, yaliyoinamia chini na kupandana tangu kileleni. Ukiinua moja utakuta vijiua vya kijani vimejibanza ndani, vikavu kabisa hata mvua ikiwa inanyesha. Majani hayo hufanya kazi ya banda la nailoni ambamo wakulima wetu hupanda nyanya na pilipili hoho: mwanga unaingia, joto linabaki. Siku ya jua, ndani huweza kuzidi nje kwa takriban nyuzi 10. Majani hayohayo huchuja miale ya jua isiyoonekana iitwayo urujuanimno, ambayo ni mikali mno huko juu. Kwa hiyo chavua haidhuriki, na mbegu huwahi kukomaa kabla majira mafupi ya joto hayajaisha.

Lakini kuna gharama. Visubi wanaochavusha maua hayo hutaga mayai humohumo, na viluwiluwi wao hula sehemu ya mbegu. Mmea wenyewe hukaa miaka mingi ukiwa majani tu karibu na ardhi, ukiweka akiba kwenye mzizi mnene, kisha huchanua mara moja na kufa.

Sasa, Uganda tuna mlima wenye theluji, Rwenzori. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Kwa nini rubarbu hii isiote huko?

Jibu liko kwenye mpangilio wa baridi. Rwenzori iko karibu kabisa na ikweta, na tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti kati ya Januari na Julai. Baridi huja usiku, asubuhi imeondoka. Mimea mikubwa ya kule iitwayo lobelia imezoea hivyo: usiku hukunja majani kulinda kichipukizi, na aina mojawapo, Lobelia bequaertii, huhifadhi maji katikati ya majani yake, kinga nyingine dhidi ya kuganda. Rubarbu ya Himalaya imezoea kalenda nyingine. Sehemu ya juu hufa, mzizi hulala miezi mingi chini ya theluji, kisha huamka majira yanapobadilika. Rwenzori haina miezi hiyo. Hata katika bustani za Ulaya, penye majira ya baridi, mmea huu ni mgumu sana kuutunza. Tena Rwenzori ni hifadhi ya taifa, na tangu 1994 ni urithi wa dunia. Si mahali pa kupeleka mbegu za kigeni, na mimi naona hilo ni sawa kabisa.

Anayetaka kulima rubarbu achukue ile ya bustanini, ya jenasi hiyohiyo, ambayo mabua yake machachu hupikwa na sukari. Nayo hupenda wiki kadhaa za baridi chini ya nyuzi 5, ila ikikosa haifi: huendelea kutoa majani mwaka mzima, mabua yakiwa membamba kidogo na ya kijani zaidi kuliko mekundu. Kampala ni joto mno kwake. Jaribu Kabale, Kisoro au Kapchorwa, ambako usiku ni wa baridi.

Anza na mbegu. Ziloweke saa chache, zisie kwenye kitalu chenye kivuli chepesi, na miche ikifikisha majani manne au matano ihamishie shambani kwa nafasi ya karibu mita moja. Adui mkubwa ni maji yanayotuama. Mabonde ya Kigezi yanafaa kwa kabichi, lakini kisiki cha rubarbu kitaoza humo msimu wa mvua, kwa hiyo panda kwenye tuta, upande wa mteremko, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Kikonyo cha maua kikichomoza kikate mapema, maana kinanyonya nguvu ya mabua.

Wakati wa kuvuna, shika bua chini kabisa, livute huku ukilizungusha, na usimalize mabua yote ya shina moja. Jani likate ulitupe kwenye mboji. Lina asidi ya oksaliki nyingi kiasi cha kumdhuru mtu, na mbuzi au sungura wasipewe.