Bustani ya wanyama ya taifa: maana yake, kwa mfano wa Washington

Bustani ya wanyama ya taifa ni mahali ambapo nchi inafuga wanyamapori kwa niaba ya wananchi wake, ili watazamwe, wachunguzwe na wazaliane. Isichanganywe na hifadhi ya taifa kama Serengeti au Tsavo. Hifadhini mnyama yuko kwao na anajitafutia riziki. Bustanini ameletwa, analishwa, anatibiwa, na maisha yake yote yamo mikononi mwa watu.

Ile ya Marekani, iliyoko Washington chini ya Smithsonian, taasisi ya taifa ya makumbusho na utafiti, inaonyesha vizuri kwa nini taifa huamua kubeba mzigo huo. Chanzo chake ni baisani, yule ng'ombe mwitu mwenye nundu. Mwaka 1886 William Temple Hornaday, fundi wa kukausha wanyama katika makumbusho ya Smithsonian, alikwenda Montana kuwatafuta. Nyanda zilizowahi kulisha baisani kwa mamilioni zilikuwa zimejaa mifupa. Wachache aliowakuta aliwaua kwa ajili ya makumbusho, akiamini kwamba karibu watakwisha kabisa. Lakini aliporudi alianza kudai jambo kubwa zaidi: pawepo mahali pa kuwafuga walio hai. Baisani wakawekwa nyuma ya jengo la Smithsonian, katikati ya mji. Bunge likapitisha sheria ya kuanzisha bustani mwaka 1889, na mwaka 1891 wanyama wakahamia bonde la Rock Creek, ambako wageni huingia bila kiingilio hadi leo.

Kwa miaka mingi baada ya hapo lengo hilo lilififia, na sifa ikawa wingi wa aina za wanyama. Mwaka 1926 mkurugenzi wake, William Mann, aliongoza msafara hadi Tanganyika, kwa fedha za Walter Chrysler wa magari, kukamata wanyama na kuwapeleka Washington kwa meli. Wanyama wetu walichukuliwa kwa ajili ya maonyesho, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo.

Panda, wale dubu wa China wenye rangi nyeusi na nyeupe, ndio walioipa bustani hiyo umaarufu mkubwa. Wawili wa kwanza, Ling-Ling na Hsing-Hsing, walitolewa na China mwaka 1972 baada ya Rais Nixon wa Marekani kuitembelea nchi hiyo. Waliofuata, kuanzia mwaka 2000, wamekuja kwa mkopo, na hata watoto wanaozaliwa hapo ni mali ya China.

Ila kazi inayostahili heshima zaidi ni ya kima wadogo wa Brazil wenye manyoya ya dhahabu. Walikuwa wamebaki wachache mno msituni, na waliofugwa walizaa kwa shida. Mtafiti Devra Kleiman alionyesha kwamba wanahitaji kuishi kifamilia, dume na jike wakiwa pamoja, na kwamba watoto wakubwa wasiondolewe mapema, kwa kuwa kwa kuwabeba wadogo zao ndipo wanapojifunza ulezi. Kuanzia mwaka 1984 wakaanza kurudishwa Brazil. Baadhi yao waliachwa kwanza kwenye miti ya bustani, bila uzio, wazoee kuruka matawini na kujitafutia chakula.

Kuhusu choroa wa Sahara, mwenye pembe ndefu zilizopinda kwa nyuma, ambaye alikwisha kabisa porini, wanasayansi wa bustani hiyo walishiriki kazi ya kumrudisha Chad mwaka 2016, wakiwavisha wanyama kola zinazofuatiliwa kwa satelaiti. Wamekwisha kuzaa huko.