Je, wajua? Ni utafiti upi unaohesabiwa kuwa wa michezo?

Daktari anayechunguza kano iliyokatika ndani ya goti anatafiti michezo au anatafiti tiba? Nchini Sweden swali hili lina uzito wa fedha. Ruzuku za serikali kwa utafiti wa michezo hupitia kituo kiitwacho Centrum för idrottsforskning, kilichopo Stockholm, ambacho hupima kila ombi kwa vigezo viwili: ubora wake wa kisayansi na umuhimu wake kwa michezo.

Wengi hudhani kwamba inatosha kuwapima wanamichezo. Haitoshi, kwa kuwa mwanariadha anaweza kutolewa damu kwa ajili ya utafiti ambao majibu yake yatamfaa mgonjwa wa figo peke yake. La msingi, kwa maoni yangu, ni swali limezaliwa wapi na jibu litatumiwa na nani.

Tazama mfano mmoja. Wasichana wanaocheza soka huumia kano ya mbele ya goti mara nyingi kuliko wavulana. Katika msimu wa 2009, watafiti wa Sweden waliwafuatilia wachezaji wa kike zaidi ya 4,500 wenye umri wa miaka 12 hadi 17, huku klabu zikigawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilipasha misuli kwa dakika 15, mara mbili kwa wiki: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kuinua nyonga, kuruka na kutua bila goti kuinamia ndani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa katika kundi hilo majeraha ya kano hiyo yalikuwa pungufu kwa asilimia 64 kuliko katika kundi lingine. Kituo hicho kilikuwa miongoni mwa wafadhili, na ilistahili, kwani anayelitumia jibu ni kocha aliye uwanjani na filimbi yake, bila kuhitaji kifaa chochote cha hospitali.

Si mwili tu unaohusika. Kwa nini vijana huacha michezo, au klabu huendeshwaje na watu wa kujitolea, nayo ni maswali ya michezo.

Ugumu upo mpakani. Utafiti wa namna bora ya kushona kano ni wa upasuaji, hata kama mgonjwa ni mchezaji. Lakini anayetafiti ni lini mchezaji aliyepasuliwa arudi uwanjani, mimi ningemhesabu ndani, kwa sababu swali hilo huulizwa na kocha na mzazi kabla ya kila mechi.