Yule mfupi wa kwenye Hatari!

Jumamosi mmoja wa vijana wangu alininunia. Tunafanya mazoezi kwenye ukumbi mdogo pale Kaloleni, Arusha, na nilikuwa nagawa nafasi za mchezo wetu mpya. Yeye nikampa mlinzi wa geti. Anatokea mara tatu, ana sentensi tano, ya kwanza ni "Shikamoo bosi." Akasoma karatasi, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna mengine. Hakukuwa na mengine.

"Mwalimu, mimi nimekuja kuigiza, siyo kufungua geti."

Sikumlaumu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulifundishwa kwamba filamu ina watu wawili, stelingi na adui, na waliobaki ni wa kupigwa. Ukichelewa kuingia unamuuliza wa jirani, "Stelingi nani?" Sijawahi kusikia mtu akiuliza dereva wa stelingi ni nani. Na stelingi hafi, hiyo ilikuwa sheria, hata umeme ukikatika katikati ya picha tulikuwa tunaenda kulala bila wasiwasi.

Basi mwanafunzi akininunia namna hiyo huwa namwekea dereva. Namwekea Hatari!, ile filamu ya Howard Hawks iliyopigwa huku kwetu, Arusha na upande wa Momella, wakati Tanganyika bado haijapata uhuru, ikatoka mwaka 1962. Stelingi ni John Wayne. Wazee wa mjini wakiikumbuka wanasimulia vifaru na twiga wanaofukuzwa na magari, na waigizaji waliokuwa ndani ya hayo magari wenyewe. Wengine watakwambia habari za Hardy Krüger, yule Mjerumani aliyependa Momella mpaka akanunua shamba huko. Mimi namwambia kijana amwangalie yule mfupi anayeendesha gari na kuogopa wanyama. Kwenye filamu anaitwa Pockets, yaani Mifuko. Mwigizaji mwenyewe ni Red Buttons, yaani Vifungo Vyekundu. Fundi cherehani angewapenda wote wawili.

Kuna sehemu moja narudisha nyuma mara tatu nne. Pockets ametengeneza roketi ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa tumbili. Kila mtu anadhani ni upuuzi. Roketi inafyatuka, wavu unatanda, mti mzima unafunikwa, watu wanashangilia, na yeye hajaona chochote kwa sababu alifumba macho kwa woga. Baada ya hapo anamfuata mmoja, anamfuata mwingine, wamsimulie ilivyokuwa. Wakimaliza anataka tena.

Tazama kilichofanyika pale. Tukio kubwa ni wavu, na wavu si wake, ni wa mafundi na kamera. Yeye amejichukulia kitu kidogo kilichobaki pembeni: mtu aliyekosa kuona ushindi wake mwenyewe. Hafanyi sura za kuchekesha. Anataka kitu kimoja, asimuliwe tena, na anakitaka kwa dhati kama mtoto anavyotaka hadithi kabla ya kulala. Wewe unacheka kwa sababu yeye hachekeshi. Nawaambia vijana kila siku: usiulize una sentensi ngapi, uliza huyu mtu anataka nini. Wanaitikia kwa kichwa, halafu wanahesabu sentensi.

Huyu bwana aliigiza karibu miaka sabini. Alizaliwa New York mwaka 1919, jina lake Aaron Chwatt. Akiwa na miaka kumi na sita alipata kazi kwenye baa moja huko Bronx, kuhudumia huku akiimba, amevaa sare yenye vifungo vikubwa vinavyong'aa. Nywele nyekundu, vifungo vikubwa, kiongozi wa bendi akamwita Red Buttons na jina likaganda. Kutoka hapo akaingia kwenye majumba ya maonyesho ya usiku, yale ambayo watu hulipa kiingilio kuona wanawake wakivua nguo, na mchekeshaji anatupiwa pale katikati kujaza muda. Mimi naamini shule yake ilikuwa hapo. Hebu fikiria unasimama mbele ya wanaume mia mbili ambao hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ajili yako. Ukipiga kelele wanapiga zaidi. Inabidi ujue lini useme na lini unyamaze ili wakusogelee.

Halafu akapata ustelingi, na hapa ndipo ninapowataka wanaotafuta umaarufu wasikilize. Mwaka 1952 alipewa kipindi cha televisheni chenye jina lake mwenyewe. Kikapendwa sana, kisha kikashuka, na mwaka 1955 kilikuwa kimekwisha. Watu walimwona ameisha naye. Kilichomrudisha ni nafasi ya pili, tena ya huzuni. Kwenye Sayonara ya mwaka 1957 alicheza mwanajeshi wa Marekani anayeoa Mjapani wakati wakubwa wake hawataki ndoa hizo, na wote wawili wanajiua kuliko kutenganishwa. Stelingi wa filamu hiyo ni Marlon Brando. Oscar wa mwigizaji msaidizi akachukua Buttons, na Miyoshi Umeki aliyecheza mkewe akachukua wa mwigizaji msaidizi wa kike.

Mwaka uleule wa 1962 wa Hatari! alitokea pia kwenye The Longest Day, filamu ya Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Washirika yalipotua Normandy, Ufaransa. Yeye ni askari wa miavuli aliyenasa kwenye mnara wa kanisa. Ananing'inia juu, hawezi kujinasua, na chini yake wenzake wanauawa mmoja mmoja. Hakuna anachoweza kusema wala kufanya. Miguu inaning'inia, uso unatazama, kengele inalia karibu na masikio yake. Jukwaani uso wako lazima umfikie aliyekaa benchi la mwisho karibu na mlango wa choo, kwa hiyo unausukuma. Kamera inaufanya uso huohuo uwe mkubwa kama ukuta, na ukiusukuma unaonekana mwongo. Watu wa jukwaa wengi hushindwa hapo. Buttons aliacha kusukuma, akabaki na kile alichojifunza zamani, kujua muda wa kunyamaza.

Mengine nitayapitia haraka. Mwaka 1969, kwenye filamu ya They Shoot Horses, Don't They?, alicheza mwanamaji mzee kwenye mashindano ya kucheza dansi mpaka mtu aanguke; moyo wake unasimama na Jane Fonda, stelingi, anamburuza akiwa mgongoni mwake. Mwaka 1972, kwenye filamu ya The Poseidon Adventure, meli ikapinduka na yeye akawa mmoja wa wachache waliotoka, nikafurahi, maana alishakufa vya kutosha. Mwaka 1995 akapanda jukwaani Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, peke yake, jioni nzima. Halafu kwenye tamthilia ya hospitali ya ER akacheza mzee anayemuuguza mkewe, na baada ya karibu miaka kumi akarudishwa na mhusika yuleyule, akiwa mjane mwenye kinyongo. Kwa kurudi huko akateuliwa kuwania Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 2005. Alifariki mwaka uliofuata, ana miaka themanini na saba.

Nikimtazama huwa namfikiria Mzee Majuto wetu, Amri Athumani wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018. Naye alijua kunyamaza. Natamani ningemwona akipewa nafasi ya mzee aliyefiwa na mke, anayekaa barazani tu na redio imezimwa.

Kijana wangu wa geti aliitazama ile sehemu ya tumbili bila kucheka, akaondoka bila kuaga. Juzi Jumatano akaja na rungu. Alikuwa ameshinda siku mbili na mlinzi wa jengo moja Sakina, akagundua kwamba mlinzi akitaka kuandika jina lako kwenye daftari hana pa kuweka rungu, kwa hiyo analibana kwapani, na akimaliza kuandika analisahau hapohapo, anakusalimia akiwa amelibana kama kipima joto. Akatuonyesha. Ukumbi mzima ulicheka, na yule anayecheza bosi, stelingi wangu, akasahau maneno yake.

Sasa anaomba nimwongezee sentensi ya sita. Nimemkatalia.