Je, wajua kwa nini Waingereza waliacha kitenzi chao cha "kuchukua"?

Kuna vitenzi ambavyo huwezi kudhani vitakufa: kula, kuja, kulala, kuchukua. Kiingereza kilikizika kimoja. "Take" tunayofundishwa tangu shule ya msingi ni neno la kuja. Waingereza wa kale walisema "niman", baadaye "nim", nalo ni ndugu wa damu wa "nehmen" ya Kijerumani.

Lililoliondoa ni ujirani. Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, walivamia monasteri ya Lindisfarne mwaka 793, na katika karne iliyofuata wengi wao walikuja wakabaki, wakalima na kuoa kaskazini na mashariki mwa Uingereza. Lugha yao ilikaribiana sana na ya wenyeji, na baina ya lugha zinazokaribiana hivyo maneno huvuka bila hodi. Kwa wageni hao kuchukua kulikuwa "taka", isiyo na uhusiano wowote na kutaka kwetu. Neno likaingia katika maandishi ya Kiingereza mwishoni mwa enzi yake ya kale, likasambaa taratibu hadi kusini. "Egg" na "sky" zilipita njia hiyohiyo. Hata "they"! Kuazima jina la kitu ni jambo la kila siku, ila kuazima kiwakilishi kunaonyesha jinsi watu wale walivyochanganyika majumbani.

"Nim" haikufa siku moja. Ilishuka hadhi kwanza, ikawa neno la kuiba, la wachomoaji. Ndiyo maana Shakespeare, katika tamthilia ya Henry V ya karibu mwaka 1599, ana askari mwizi aitwaye Nym, ambaye huishia kunyongwa.

Mabaki yake bado yanatumika. "Numb", yaani kufa ganzi, maana yake ya awali ni "aliyechukuliwa": kiungo kimeshikwa na baridi au kupooza. Ile "b" ya mwisho isiyotamkwa ilibandikwa baadaye. "Nimble" nayo ilikuwa mwepesi wa kudaka, kisha ikawa mwepesi tu.

Kiswahili kinalijua jambo hili vizuri. Saba ya Kiarabu ilichukua nafasi ya fungate, hesabu yetu ya kale. Lakini siku saba za maarusi, hata leo, tunaziita fungate.