Puerto Rico haijawa jimbo la 51, na mengine ninayochoka kuyasahihisha

Tangu Novemba 2024 sijamaliza rundo la insha za wanafunzi wangu wa sheria ya katiba bila kukutana na sentensi hii: "Puerto Rico imeshaamua kuwa jimbo la 51 la Marekani." Wanaiandika kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia. Nikiuliza wameitoa wapi, naonyeshwa kichwa cha habari kwenye simu. Puerto Rico ni kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani bila kuwa jimbo lake. Nimeona niandike mara moja, ili anayekuja kubishana mlangoni kwangu nimpe kwanza hii asome.

"Wananchi wakishapiga kura, mambo yamekwisha"

Hayajaisha. Kifungu cha 4 cha Katiba ya Marekani kinaipa Kongresi, yaani bunge la Marekani, mamlaka ya kupokea jimbo jipya, na palepale kinaipa mamlaka ya kutunga kanuni za maeneo yote yaliyo chini ya Marekani. Kura ya maoni inayopigwa San Juan, mji mkuu wa kisiwa, ni maombi tu. Kongresi inaweza kuyajibu au kuyaacha kabatini. Kisiwa kimepiga kura hizo mara saba, 1967, 1993, 1998, 2012, 2017, 2020 na 2024, na hakuna hata moja iliyoibana Washington kufanya lolote.

Mwanafunzi mjanja huwa ananijibu, "Mbona Hawaii na Alaska walipiga kura wakakubaliwa?" Angalia tarehe, bwana. Hawaii ilipiga kura ya kutaka kuwa jimbo mwaka 1940, Alaska mwaka 1946, na zote zikaachwa zingoje. Kilichowaingiza ni sheria za Kongresi, ya Alaska mwaka 1958 na ya Hawaii Machi 1959. Baada ya sheria kupita, masharti yakiwa yameandikwa tayari, ndipo wananchi wakaulizwa: mnakubali hivi? Puerto Rico haijawahi kuulizwa hivyo. Imeulizwa inatamani nini, bila mtu yeyote kuahidi kwamba ikijibu itapewa.

Halafu zije asilimia. Hapa ndipo ninapokosa subira kabisa. Usinitajie asilimia kabla hujaniambia karatasi ya kura iliuliza nini na nani alisusia.

Mwaka 1967 walioshinda ni wale waliotaka hali iliyopo iendelee, yaani Estado Libre Asociado (kisiwa kuwa chini ya Marekani kikiwa na katiba yake ya ndani), kwa asilimia 60. Mwaka 1993 wakashinda tena, safari hii kwa asilimia 48.6 dhidi ya 46.3 za kuwa jimbo. Mwaka 1998 karatasi ilikuwa na machaguo matano, na lililopata asilimia 50.3 ni la tano: "hakuna hata moja kati ya haya." Wafuasi wa hali iliyopo waliona chaguo lao limeelezwa kwa maneno wasiyoyakubali, wakahamishia kura zao huko. Mwaka 2012 maswali yalikuwa mawili; wakuu wa chama kinachotaka jimbo wakatangaza ushindi wa asilimia 61, huku karibu kura laki tano za swali la pili zikiwa tupu. Mwaka 2017 jimbo lilipata asilimia 97! Waliojitokeza walikuwa kama asilimia 23 ya wapiga kura, kwa sababu vyama vingine vilisusia. Mwaka 2020 swali lilikuwa la ndiyo au hapana, na ndiyo ikapata asilimia 52 na ushei. Kwa maoni yangu, katika zote saba hiyo ndiyo yenye swali safi, na ushindi wake ni mwembamba kuliko ule unaotajwa na vichwa vya habari.

Sasa hiyo ya 2024. Machaguo yalikuwa matatu: jimbo, uhuru, au uhuru wenye mkataba wa ushirika na Marekani. Hali iliyopo haikuwemo. Jimbo likapata zaidi ya nusu ya kura halali, na watu wengi wakarudisha karatasi tupu. Tazama lakini siku hiyohiyo, vituo vilevile, wapiga kura walewale walifanya nini kwenye karatasi nyingine. Ugavana walimpa Jenniffer González-Colón, anayetaka jimbo. Nafasi ya pili, kwa mara ya kwanza tangu 1952, ilikwenda kwa Juan Dalmau wa chama cha kudai uhuru. Na mjumbe waliyemtuma Washington ni Pablo José Hernández, wa chama kisichotaka jimbo. Ukiniandikia kwamba hao "wameshaamua", nakata alama.

Wala sisemi hawajui wanachotaka. Wamegawanyika, na kila chama kikishika serikali kinaandaa karatasi inayokifaa chenyewe.

Upande wa Washington, kikwazo ni hesabu ya viti. Kisiwa cha watu wapatao milioni 3.2 kikiwa jimbo kinapata maseneta wawili na wabunge kadhaa, na Warepublikan wengi wanaamini viti hivyo vitakwenda kwa Wademokrat. Imani hiyo haina mizizi mirefu: González-Colón mwenyewe ni Mrepublikan, na mwaka 1959 wajuzi wa Washington walitarajia Hawaii iwe ya Warepublikan na Alaska ya Wademokrat. Ikageuka kinyume: Hawaii ikawa ya Wademokrat na Alaska ya Warepublikan. Desemba 2022 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha, kwa kura 233 dhidi ya 191, mswada wa kuandaa kura ambayo matokeo yake yangeibana serikali. Seneti haikuupigia kura, ukafa.

"Ni kama Zanzibar tu, mwalimu"

Si kama Zanzibar. Hati za Muungano za Aprili 1964 zilitiwa saini na wakuu wa dola mbili, Nyerere na Karume. Unaweza kulalamikia orodha ya mambo ya Muungano ilivyorefuka, na wengi wanalalamika, lakini Zanzibar ilikuwa upande mmoja wa mkataba. Puerto Rico ilikabidhiwa. Mkataba wa Paris wa 10 Desemba 1898 ulikuwa kati ya Hispania na Marekani, bila Mpuerto Rico hata mmoja mezani. Mwaka 1901 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya ushuru wa machungwa yaliyotoka San Juan kwenda New York, ikasema kisiwa hicho ni mali ya Marekani bila kuwa sehemu ya Marekani. Hukumu hiyo haijafutwa mpaka leo.

Mzanzibari anapiga kura ya Rais wa Muungano, na Ali Hassan Mwinyi na Samia wamekikalia kiti chenyewe. Mkazi wa San Juan ni raia wa Marekani tangu sheria ya 1917, ameandikishwa jeshini na kufa katika vita vyake, lakini uchaguzi mkuu wa rais haumhusu. Mjumbe wake katika Baraza la Wawakilishi anahutubia na kukaa kwenye kamati. Mswada ukifika kura ya mwisho, hana kura. Mtu huyohuyo akihamia Orlando, katika jimbo la Florida, anajiandikisha na kupiga kura kama Mmarekani yeyote.

Wale wa "wana timu Olimpiki, kwa hiyo ni nchi": kweli timu wanayo tangu 1948, na mwaka 2004 waliifunga Marekani mpira wa kikapu 92 kwa 73. Michezo ina taratibu zake za uanachama. Zanzibar yenyewe ilipokelewa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi 2017 ikaondolewa miezi michache baadaye, na katiba ya nchi haikuguswa nukta.

"Walipata kujitawala mwaka 1952"

Walipata katiba ya ndani. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilisema chimbuko la madaraka ya kisiwa hicho ni Kongresi, na mwaka huohuo, deni likiwa limepita dola bilioni 70, Kongresi ikaunda bodi ya watu saba wanaoteuliwa na Rais wa Marekani, yenye uwezo wa kukataa bajeti ya serikali iliyochaguliwa. Wenyeji wanaiita La Junta. Anayeona huko ni kujitawala anifafanulie.

"Hawalipi kodi, wanakula bure"

Mwenye kipato cha kisiwani kwa kawaida halipi kodi ya mapato ya Washington, hilo ni kweli. Makato ya pensheni na bima ya afya ya wazee anakatwa. Na kuna anachonyimwa: mgonjwa mmoja alikuwa akipokea New York posho ya walemavu maskini, akahamia kisiwani mwaka 2013, serikali ikamdai arudishe zaidi ya dola 28,000. Mwaka 2022 majaji wanane kati ya tisa walisema Kongresi ina haki ya kuwabagua wakazi wa kisiwa katika posho hiyo. Aliyepinga ni Sonia Sotomayor, ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa Puerto Rico.

Wengine hudhani kisiwa kikiwa jimbo kitaondokana na sheria ya 1920 inayotaka mizigo kati ya bandari za Marekani ibebwe na meli za Marekani. Hawaii ni jimbo na inabanwa vilevile.

"Marekani haiwezi kuachia kisiwa"

Ufilipino ilichukuliwa kwa mkataba uleule wa 1898, ikapata uhuru mwaka 1946. Visiwa vya Marshall, Micronesia na Palau ni nchi huru zenye kiti Umoja wa Mataifa, huku mikataba ikiiachia Marekani ulinzi wao na kuwapa raia wao ruhusa ya kuishi na kufanya kazi Marekani. Njia zipo.

Swali linalomzuia mama wa Ponce, mji wa kisiwani, kuchagua uhuru ni la uraia: yeye atabaki nao, mjukuu atakayezaliwa baadaye je? Mswada wa 2022 ulijaribu kumjibu. Anayetaka jimbo naye ana lake: kodi ya mapato itaanza lini, na deni litakuwa la nani? Ukinibana niseme, hali iliyopo ndiyo ambayo siwezi kuitetea mbele ya darasa. Kati ya njia mbili zilizobaki, jimbo na uhuru, uwe na mkataba au usiwe nao, sichagui, na nisingemshauri mkazi wa kisiwa achague, mpaka Kongresi iweke masharti ya kila moja kwenye karatasi na kujifunga kuyatekeleza.